Mwaka Wetu wa Kusoma kwa Sauti



Mwenye duka afungapo mwaka huhesabu mali yake. Hutazama nini kimeuzwa, nini kimebaki, na nini kimeliwa na panya. Sisi hatuna duka. Kazi yetu ni kuwafundisha vijana wa chuo cha ualimu, chini ya milima ya Usambara. Walakini mwaka huu unapokwisha tumeona yafaa nasi tufanye hesabu yetu, si ya fedha, bali ya vitabu tulivyovisoma, nyimbo tulizozisikiliza na sinema tuliyoitazama. Twataka kuwaambia vilivyotupendeza na sababu ya kutupendeza, asaa nanyi mkapata cha kutafuta. Hatusemi kwamba hivi ndivyo bora kupita vyote. Twasema tu kwamba viliingia nyumbani mwetu vikakaa.

Kabla ya kuvitaja hatuna budi kueleza jinsi tulivyosoma, kwa kuwa mwaka huu hatukusoma kwa desturi yetu ya zamani.

Baba yetu alikuwa karani wa stesheni katika reli ya Tanga, ile reli ambayo Wadachi walianza kuijenga mwaka 1893. Alifanya kazi hiyo miaka 34. Mtu wa stesheni hupata nafasi ya kusoma kati ya gari na gari, na baba alikuwa msomaji asiyeshiba. Gazeti alilisoma tangu jina lake juu hata jina la mpiga chapa chini. Vitabu vyake aliviweka katika sanduku la bati chini ya kitanda, na sisi watoto hatukuruhusiwa kuvigusa mpaka tumenawa mikono.

Miaka michache iliyopita macho yake yalianza kuharibika. Madaktari walisema ni presha ya macho. Ugonjwa huu huiba nuru kidogo kidogo kutoka pembeni, na mara nyingi mgonjwa hasikii maumivu yoyote. Nuru iliyokwisha kupotea hairudi tena. Dawa huilinda ile iliyobaki tu. Baba alichelewa kwenda hospitali, maana alidhani ni uzee. Mwanzo wa mwaka huu alikuwa akitambua mchana na usiku, na kivuli cha mtu mlangoni, basi.

Hakulia wala hakulalamika. Alinyamaza. Alijibu salamu, alikula alichoandaliwa, kisha akageukia ukutani. Tulimwambia, "Baba, tukusomee gazeti?" Akajibu, "Gazeti husomwa na mwenyewe." Miezi mitatu ilipita hivyo, na sisi tuitwao walimu hatukujua la kufanya.

Siku moja ya masika binti yetu, mwenye miaka 12, alikaa barazani akisoma kwa sauti kitabu tulichomtolea katika lile sanduku la bati. Hakukisoma kwa mapenzi. Tulikuwa tumemwagiza, naye alitaka amalize akacheze. Akafika penye neno moja akakwama. "Ma-no... mano-wa..." Mara sauti ikatoka chumbani: "Manowari! Merikebu ya vita. Haya, endelea."

Tulikuwa tukisahihisha madaftari ya wanafunzi. Tukaweka kalamu chini tukanyamaza, tusije tukaiharibu ile sauti. Mtoto akaendelea. Alipokwama tena, chumbani wakamsaidia tena. Jioni ya pili babu yake alitoka mwenyewe, akipapasa ukuta, akaketi barazani. Ndivyo mwaka wetu wa kusoma ulivyoanza.

Sasa tuvitaje vitabu vyenyewe.

Cha kwanza ni hicho kilichokuwa mkononi mwa mtoto, yaani Uhuru wa Watumwa, cha James Mbotela, kilichopigwa chapa mwaka 1934. Mwandishi asimulia habari za baba yake na wenzake, jinsi walivyotekwa bara, wakaswagwa mpaka pwani, wakapakiwa katika jahazi, wakaokolewa baharini na manowari ya Kiingereza, na mwisho wakapata makao Freretown karibu na Mombasa, mji ulioanzishwa na wamisionari mwaka 1875. Wapitao huko hata leo huona kengele yao, na mahali pale huitwa Kengeleni. Kitabu hiki ni kifupi, na maneno yake ni mepesi kama ya mzee asimuliaye penye moto.

Mtoto alipochoka tulikitwaa sisi, tukidhani kwamba tutamfurahisha baba kwa usomaji wa kialimu. Kabla ya ukurasa kwisha alituzuia. "Mwalimu," alisema, "wasoma kama mtu anayekimbia mvua. Watu hawa wamefungwa minyororo, nawe wawapitisha mbio. Rudi nyuma." Tuliona haya, kwa kuwa miaka 15 tumewafundisha wengine kusoma. Tukarudi nyuma. Tukajifunza kwamba jicho huweza kuruka maneno matatu lisijue limeruka, bali sauti haiwezi kuruka hata moja. Baba aliona pia kwamba mwandishi awasifu Waingereza pasipo kipimo. "Ni haki yake," alisema, "ni mtoto wa aliyeokolewa. Lakini wewe msomaji uliza pia pembe zile za ndovu zilizochukuliwa na watumwa hao zilikwenda kupamba nyumba za nani."

Cha pili ni Kusadikika, cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Mwandishi huyu ni jirani yetu, maana alizaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, akafa mwaka 1962, tena alikuwa karani wa serikali, na kwa sababu hiyo baba humwita "karani mwenzangu." Kusadikika ni nchi iliyo angani. Humo kijana mmoja, jina lake Karama, ameshtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha watu elimu ya sheria. Katika kujitetea asimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote kutafuta mambo ya kuifaa nchi, nao waliporudi na mema waliyoyaona walilipwa kifungo.

Kitabu hiki tumekifundisha chuoni mara nyingi, na kila mara wanafunzi wamelalamika kwamba sentensi zake ni ndefu na nzito. Nasi tuliwaambia wavumilie. Mwaka huu, tulipokisoma kwa sauti barazani, uzito ule hatukuuona. Sentensi ile ndefu ina mahali pa kupumua, na mwandishi amepaweka palepale pumzi inapohitajiwa. Alikuwa mshairi, naye aliandika kwa sikio. Kumbe kosa halikuwa la wanafunzi wala la kitabu. Lilikuwa letu sisi tuliowanyima sauti. Tuliwaambia siku zote kwamba kusoma kwa sauti ni kazi ya watoto wa darasa la kwanza, na kwamba mtu mzima husoma kwa macho, midomo imefungwa. Twakiri mbele yenu kwamba tulikosa.

Tulikisoma Kusadikika jioni nyingi, maana baba hakukubali tupite jambo bila ya kulijadili. Alitaka kujua kwa nini wale wajumbe walirudi. Walikwisha ona nchi nzuri. Kwa nini wasikae huko? Tulijibizana naye hata chakula kikapoa, na mama wa watoto akatukemea sote wawili. Wasikilizaji, hamjui furaha tuliyoipata kwa kukemewa kule. Baba yetu alikuwa anabishana tena.

Cha tatu si kitabu kipya. Ni Utenzi wa Mwana Kupona. Mwana Kupona binti Msham aliutunga yapata mwaka 1858, huko kaskazini ya pwani, penye visiwa vya Lamu na Pate. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa amekwisha kufa, naye mwenyewe alikuwa mgonjwa, akaona asiondoke duniani pasipo kumwachia binti yake maneno. Huu aliusoma mama wa watoto, kwa sababu tuliona kwamba maneno ya mama kwa binti yataka sauti ya mwanamke. Lugha yake ni ya huko kaskazini, nasi wa huku hatuielewi yote mara moja. Macho wao huyaita mato. Baba alipolisikia neno hilo alilirudia mara mbili tatu, "Mato, mato," kisha akasema, "Basi mimi yaliyoharibika ni macho, pengine mato bado ninayo." Ndiyo mara ya kwanza alipoyataja macho yake mbele yetu.

Binti yetu hakuupenda utenzi wote. Alisikiliza mashauri yale ya adabu na ya kumtumikia mume, akauliza, "Babu, mbona binti ndiye anayeambiwa yote haya? Wavulana je?" Babu yake, ambaye humwita "mke wangu" kama wazee wetu watanianavyo na wajukuu, alimjibu, "Mke wangu, hilo ni deni la watunzi. Tunga wewe la wavulana." Akamfundisha kuhesabu mizani kwa vidole: kila mstari mizani minane, mistari minne kwa ubeti, na mstari wa nne ulingane mwisho wake na mistari ya nne ya beti zote. Mtoto ambaye masika alisoma kwa kulazimishwa ametunga beti 11 hata sasa. Ndugu zake wa kiume hawajazifurahia, lakini mizani yake ni sawa.

Cha nne ni nyimbo. Tulizisikiliza sauti za Siti binti Saad, yule aliyezaliwa Fumba katika kisiwa cha Unguja, akauza vyungu katika ujana wake, na baadaye akawa mwimbaji ambaye sauti yake ilitiwa katika santuri huko Bombay mwaka 1928. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Siku hizi sahani zile ni adimu, lakini sauti zake huweza kupatikana katika simu ya mkononi, pamoja na mkwaruzo wake wa zamani. Kwanza watoto walicheka. Walidhani simu imeharibika. Tukawaambia wausikilize mkwaruzo kama wanavyoisikiliza mvua juu ya bati: mvua inanyesha, na mtu anasema nawe ndani yake.

Jambo lililotuvuta katika nyimbo hizi ni kwamba Siti hakuimba mapenzi tu. Aliimba habari za mji. Wimbo wa Kijiti una habari ya mwanamke aliyeuawa na muuaji aliyetoroka. Watu ambao hawakujua kusoma gazeti waliweza kusikia katika uimbaji yaliyotendeka mahakamani na mitaani. Baba alisema kwamba katika stesheni zake kulikuwa na mabawabu wasiojua herufi moja, nao walijua habari za nchi kuliko yeye karani, kwa sababu walisikiliza vizuri. "Nami sasa," alisema, "nimekuwa bawabu." Hakulisema kwa huzuni.

Cha tano ndicho kilichotugusa kuliko vyote, na twaomba mtuvumilie tukieleze kwa urefu kidogo. Ni Peponi. Mwandishi wake, Abdulrazak Gurnah, alizaliwa Unguja mwaka 1948, akahamia Uingereza katika ujana wake, na vitabu vyake huviandika kwa Kiingereza. Mwaka 2021 alipewa tuzo ya Nobel ya fasihi. Kitabu hiki kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na mwaka 2022 kikatoka kwa Kiswahili, kimetafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Ni habari ya mtoto Yusuf, mwenye miaka 12, katika siku za kabla ya vita kuu ya kwanza. Mwanzoni twamkuta katika mji mdogo wenye stesheni ya gari la moshi, naye anawatazama Wazungu wawili waliosimama hapo. Baba aliposikia stesheni aliketi wima.

Baadaye Yusuf anachukuliwa kwa gari mpaka pwani na tajiri mmoja, Aziz, ambaye yeye humdhania kuwa ami yake. Huko dukani kijana mwenziwe Khalil anamfumbua macho: huyu si ami yako, baba yako ana deni, nawe umewekwa rehani. Tulipofika hapo baba alisema, "Funga kitabu." Tukafunga. Akaenda kulala pasipo kula. Tulidhani tumemkosea, wala hatukujua kwa neno gani.

Kesho yake asubuhi alituita, akasema jambo ambalo hatukupata kulisikia maishani mwetu. Baada ya vita vile vya kwanza, palipokuwa na njaa, babu yake alimchukua binti yake mdogo, yaani shangazi yake baba, akampeleka kwa mtu mmoja pwani, akapewa vikapu viwili vya mtama. Ahadi ilikuwa kwamba mavuno yakija atamkomboa. Mavuno yalipokuja alikwenda na mtama mabegani, akakuta mtu yule amehama, wala hakuna aliyejua alikokwenda. Mtoto yule hakuonekana tena. Baba alihadithiwa haya na baba yake mara moja tu, akaambiwa asiwaambie watoto. Ndiyo sababu, alisema, katika nyumba yao mtama haukupikwa kamwe, nasi tulidhani ni mwiko wa ukoo.

Tulimwuliza kwa nini ametuambia sasa. Alijibu, "Nimeona kuwa imo kitabuni. Jambo likiwamo kitabuni si aibu ya nyumba moja tena." Tukamwomba jina la shangazi yake, akalitaja. Hatulisemi hapa, kwa kuwa ni la nyumbani, lakini tumeliandika katika daftari la ukoo, mahali pake, kati ya ndugu zake. Kisha jioni ile alisema, "Haya, fungua. Tuone Yusuf amefanyaje." Tukakisoma mpaka mwisho.

Cha sita ni viwili kwa pamoja: kitabu cha Adam Shafi kiitwacho Vuta n'kuvute, cha mwaka 1999, na sinema iliyotolewa humo na Amil Shivji, ikaonyeshwa Toronto mwaka 2021. Ni habari za Unguja katika miaka ya mwisho ya utawala wa Kiingereza. Yasmin, msichana wa Kihindi, ameozwa kwa mzee. Anakimbia, anapokewa na rafiki yake Mwajuma, kisha anampenda Denge, kijana apiganiaye uhuru. Hapa tulipatwa na shida ya adabu. Kitabu hiki kina mambo ya chumbani, na mtoto hamsomei baba yake mambo ya chumbani, hata kama mtoto mwenyewe ana miaka arobaini na mvi mbili. Tulipoyaona yanakaribia tulikohoa, tukageuza kurasa. Baba alitambua. "Umeruka," alisema. Tukanyamaza. Akasema, "Mwite mzee mwenzangu."

Basi akaja rafiki yake wa zamani, aliyekuwa dereva wa gari la moshi, na miwani yake. Wakajifungia chumbani na kitabu, nasi tukawasikia wakicheka kama vijana. Kwa hiyo sehemu nyingine za kitabu hiki hatuwezi kuwapeni hukumu yake. Wazee wawili wanasema ni nzuri sana.

Sinema yenyewe ilionyeshwa katika ukumbi wa chuo Jumamosi moja, na baba akataka kwenda. Tulisitasita: asiyeona ataonaje sinema? Binti yetu aliketi karibu naye, akamnong'oneza yanayopita: sasa wako barabarani usiku, sasa yule mwanamke anaimba, sasa askari wameingia. Mara moja baba aliuliza kwa sauti kuu, "Mbona watu wanacheka na hakuna aliyesema neno?" Ukumbi wote ukacheka tena. Lakini mtoto alipomweleza alicheka naye, nyuma ya wenziwe kidogo. Tuliporudi nyumbani alituambia mambo ya nyimbo na ya lafudhi za Kiunguja ambayo sisi wenye macho hatukuyatambua.

Lazima tutaje na kisichotupendeza, maana hesabu ya haki huandika hasara pia. Rafiki mmoja, kwa wema wake, alitutilia katika simu sauti ya mashine isomayo maandishi yoyote. Tuliijaribu jioni moja. Maneno yalitamkwa yote, hapakuwa na kukwama. Baba alisikiliza kidogo akasema, "Huyu hajachoka, hajashangaa, wala haoni haya. Atajuaje mahali pa kusimama?" Hatusemi kwamba chombo hicho ni kibaya. Asiye na wa kumsomea na akitumie, kitamfaa sana. Sisi tulikuwa na watu nyumbani.

Hiyo ndiyo hesabu yetu, na jumla yake ni hii: mwaka huu tumesoma vitabu vichache kuliko miaka mingine, na tumevijua zaidi. Macho ya baba hayakupona, wala hayatapona. Bado ziko siku anapoamka amenuna, akagombana na kiti alichojikwaa. Lakini sasa agombana kwa maneno. Na chuoni kila Alhamisi wanachuo wetu husomeana kwa sauti dakika 20. Wiki za kwanza walicheka na kuona haya. Sasa tukichelewa kufika twawakuta wamekwisha anza.

Kama mnataka kujaribu majumbani mwenu, twawapeni mashauri machache tuliyoyapata kwa kukosea. Kwanza, msomaji ausome ukurasa peke yake kabla ya kuwasomea wengine, asije akakutana na neno gumu mbele ya watu. Pili, chagueni saa moja, msiibadilishe. Sisi tulichagua baada ya chakula cha jioni, kabla watoto hawajasinzia. Tatu, asomaye asione haya kukwama, na asikilizaye asicheke, ila asaidie. Nne, msikilizaji akitaka kusema na asemeshwe, hata kitabu kikichelewa. Kitabu hakina haraka. Tano, fungeni kitabu wakati watu bado wanataka kuendelea, nao watakuja kesho bila ya kuitwa. Wala msiseme hamna vitabu. Nyumba yenye kitabu kimoja na mtu mmoja ajuaye herufi yaweza kuanza leo, na vijiji vingi mwanafunzi mmoja aweza kuwasomea wazee watano.

Nanyi wanafunzi, twawaambia neno moja. Mnadhani kwamba wazee wasiosoma, au wasioweza kusoma tena, hawavihitaji vitabu vyenu. Someni kwa sauti karibu na dirisha lao, mkwame penye neno, mwone.

Kitabu chetu cha mwaka ujao kimekwisha chaguliwa. Baba ameagiza tuanze na Maisha Yangu ya karani mwenzake, naye binti yetu amesema ndiye atakayesoma ukurasa wa kwanza, na kwamba sisi tungoje zamu yetu.